Kuchomea na kuchomeka: niliyoongea na mafundi bomba Tanga

Wadau, wengi mlinipigia mkasema mmekosa kikao cha Jumamosi, wengine mlikuwa saiti wengine mvua iliwazuia, kwa hiyo nimekaa nikasikiliza rekodi nikaandika yote kama nilivyoongea. Nimeruka tu maswali ya katikati maana sauti hazisikiki vizuri.

Shikamooni wazee wangu. Vijana mambo zenu. Dada zangu mafundi mliokaa kule nyuma naomba msogee, viti huku mbele vipo, na nataka mvione hivi vitu kwa karibu.

Kwa wasionijua, mimi ni mtoto wa hapa hapa. Bomba nimesomea VETA, nikafanya kazi mtaani miaka kadhaa, halafu nikaenda Uingereza nikakaa miaka 11 nikifanya kazi hii hii ya maji majumbani, sasa nimerudi nipo. Na tangu nimerudi kila saiti naulizwa kuhusu hizi. Mnaiona hii? Hii ni elbo, kiungo cha kona cha bomba la milimita 15. Haina nyuzi za kufunga kwa kuzungusha, haitaki gundi, haitaki mashine ya moto, haitaki hata spana. Unachukua bomba unachomeka, tak, imeshika. Huko wanaziita kwa majina ya kampuni, Speedfit, Hep2O, Marekani utasikia SharkBite. Sisi hapa tuziite tu fitingi za kuchomeka.

Maana sisi tumezoea kuchomea, si ndio? PPR, zile bomba ngumu za plastiki, tunachomea. Mashine inafika nyuzijoto 260, bomba la milimita 20 unahesabu sekunde tano, la 25 sekunde saba, unatoa unaunganisha unashikilia bila kulizungusha, na plastiki mbili zinakuwa plastiki moja, akitaka mtu kuzitenganisha alete msumeno. Hiyo ndio kuchomea. Leo naongelea kuchomeka. Imeongezeka K moja tu lakini kazi imebadilika yote, na mafundi wengi tunaharibu kwa sababu tunachomeka kwa akili ya kuchomea.

Swali lenyewe ni moja na nimelisikia kwa kila mteja. "Fundi, hiki kitu umesukuma tu kwa mkono, kesho hakitatoka?" Jibu langu sitaki kulizungusha. Hakitatoka. Kikifungwa sawasawa kinakaa miaka, watengenezaji wakubwa wanatoa dhamana ya miaka 25, wengine 50, na nimefungua sakafu za Waingereza nikakuta zimo na ni kavu kabisa. Lakini fitingi hii ina tabia moja mbaya na nimekuja kuwaambia hiyo tu, mkiondoka na hiyo mtakuwa mmeondoka na yote. Fitingi ya kuchomeka haikuoneshi kosa lako siku hiyo hiyo.

Narudia, haikuoneshi kosa lako siku hiyo hiyo.

Ukichomea PPR vibaya mara nyingi unaona, imepinda, imeungua, imeziba ndani. Nyuzi za bomba la chuma ukizifunga vibaya maji yanakurukia usoni hapo hapo. Hii inakukubalia. Inakaa kimya unalipwa unaondoka, halafu inasubiri.

Kwa nini? Hii hapa nimeikata katikati kwa msumeno, ipitisheni. Angalieni mdomoni pale, mnaona duara la chuma cha pua lina meno madogo madogo yameinama kwenda ndani? Nyie ni watu wa pwani sihitaji kuwaeleza sana. Ule ni mlango wa dema. Samaki anaingia vizuri tu, akitaka kurudi vijiti vinamchoma. Bomba nalo hivyo hivyo, linaingia laini, ukivuta meno yanauma, na kadri presha inavyolisukuma kutoka ndivyo meno yanavyozidi kuuma. Sasa nyuma ya meno ndani kidogo mnaona mpira mweusi, hiyo ni oringi, ndiyo inayozuia maji. Na nyuma ya oringi kuna ukingo, bomba likifika pale limegota.

Kwa hiyo kuna vitu viwili humo ndani na kila kimoja kina kazi yake. Meno yanashika. Oringi inaziba. Meno hayazibi, na oringi haishiki. Na meno yako mbele, oringi iko nyuma. Sasa niambieni, mtu akisukuma bomba likapita meno likaishia kwenye oringi, limeigusa tu halijaipita likagota, itakuwaje? Akivuta halitoki, meno yameshauma. Maji akifungua hayavuji, oringi imeguswa kidogo na presha ni ndogo. Atasema nini huyu? Atasema tayari bosi.

Ndio maana wale wanaosema "vuta, ikikataa kutoka iko sawa" wanatudanganya. Kuvuta ni lazima lakini hakutoshi. Kinachotosha ni alama. Unapima kwanza kina cha fitingi, unalilaza bomba pembeni yake, unapiga mstari kwa kalamu ya wino mzito pale mdomo wa fitingi unapotakiwa kufika, kwa hizi za 15 ni kama sentimita mbili na nusu hivi lakini pima ya kwako kampuni hazilingani, ndio unasukuma mpaka mstari umefika mdomoni. Mstari ukionekana mbali na mdomo, hujamaliza. Hep2O wao wameweka meno kwenye kile kipande cha ndani ya bomba, ukizungusha bomba likiwa limegota unasikia mkwaruzo mkononi. Wamehangaika hivyo kwa sababu wanajua watu wanaishia njiani.

Nimetaja kipande cha ndani ya bomba, na hapa naomba mnisikilize vizuri maana hili limenigusa mimi mwenyewe.

Bomba la plastiki kabla hujalichomeka unalitia ndani kimrija kifupi kigumu. Mimi nakiita mfupa. Kazi yake ni kulizuia bomba lisibonyee, maana plastiki ikipata moto inalegea, ikipoa inasinyaa, na oringi inataka kitu kigumu cha kuegemea. Mwaka wangu wa pili Uingereza nilikuwa kwenye nyumba moja mji wa Reading, tunafunga bomba za maji ya moto ya kupashia nyumba, chini ya mbao za sakafu ya bafu la juu. Ijumaa jioni. Bosi yuko kwenye gari anapiga honi. Imebaki tii moja, kiungo cha njia tatu, ya milimita 22 na mifupa imeisha mfukoni, iliyobaki iko kwenye gari. Ngazi mbili tu kushuka. Sikushuka. Nikachomeka bila mfupa, nikavuta ikakataa, tukafungua maji hakuna hata jasho, nikapigilia mbao.

Ilikuwa mwezi wa sita. Kiangazi chote ikatulia. Baridi ikaja, mashine ya kupasha maji ikaanza kuwaka asubuhi inazimika usiku, bomba linapata moto linapoa, linapata moto linapoa, kila siku linasinyaa kidogo, na mwezi wa kumi na mbili silingi ya sebule ikaanguka. Mle ndani kulikuwa na mama na mtoto wa wiki tatu. Ilianguka usiku, hawakuwepo sebuleni, namshukuru Mungu mpaka leo. Nilivyoenda nikabandua ubao nikaitoa ile tii kwa mkono wangu, na kabla sijaangalia ndani ya bomba nilishajua. Sikuwa na mtu wa kumlaumu. Fitingi ilikuwa nzima, nikaikausha nikaitumia tena na mfupa wake, na naamini bado imo humo.

Kwa hiyo kijana ukisikia mtu anasema "fitingi ya kuchomeka imenifanyia vibaya", muulize kwanza, mfupa uliweka? Alama ulipiga? Bomba ulikata na nini?

Na hapo kwenye kukata. Oringi ni mpira laini. Bomba likikatwa kwa msumeno linabaki na vinywele na kingo kali, ukilisukuma ile kingo inaichana oringi, mchano mwembamba kama unywele, hutauona. Mkasi wa bomba unapatikana madukani, nunua. Kata mraba, usikate mshazari. Pitisha kidole mdomoni mwa bomba, likikukwaruza wewe litaikwaruza na oringi. Na ile sehemu inayoingia isiwe na mkwaruzo wowote wa urefu, hata ule wa kuburuza bomba kwenye zege, maji yanafuata ule mfereji. Likiwa na mkwaruzo kata utupe.

Halafu kuna tabia zetu mbili za hapa nyumbani. Ya kwanza tepu nyeupe. Nimekuta saiti mtu amezungushia tepu bomba la kuchomeka ili "lishike zaidi". Tepu ni ya nyuzi, hapa inazuia meno yasiume na inachanika kuingia kwenye oringi. Ya pili grisi ya gari. Bomba linakuwa gumu kuingia, fundi anachovya kidole kwenye grisi au mafuta ya kula, linateleza, raha. Oringi nyingi za maji ni za mpira wa EPDM, na adui wa mpira huo ni mafuta ya petroli. Unavimba, unalegea, unapoteza umbo. Siku ya kwanza umeteleza vizuri, baada ya muda umemuharibia mtu nyumba. Kama lazima upake, paka grisi ya silikoni inayoruhusiwa kwa maji ya kunywa, au lowanisha kwa maji tu.

Sasa niwape la saizi, hili limetokea hapa hapa Raskazone mwaka jana na sitamtaja mwenye nyumba. Mzee ana mtoto yuko Marekani na mwingine yuko Uingereza. Wa Uingereza alimletea roli la bomba la plastiki. Wa Marekani alimletea boksi la fitingi za shaba nzuri kabisa, zinang'aa. Zote zimeandikwa au zinaitwa nusu inchi. Fundi akafunga bafu mbili na jiko, maji yanatoka simtanki, kila kitu safi. Miezi minne. Mzee akachoka na shawa kudondosha kama machozi akanunua pampu. Wakaiwasha jioni. Asubuhi jiko lote limejaa maji, bomba limechomoka lenyewe limelala pembeni ya fitingi.

Nani alikosea? Kampuni zote mbili hazijakosea. Bomba la Uingereza nje lina milimita 15. Fitingi ya Marekani ya nusu inchi imetengenezwa kwa bomba lenye milimita karibu 15.9 nje. Tofauti haifiki milimita moja! Bomba linaingia, linaonekana limekaa, meno yanauma kwa ncha tu. Na nusu inchi yetu ya PPR nje ni milimita 20, na nusu inchi ya bomba la chuma nje ni zaidi ya milimita 21. Nusu inchi nne hizo, na hakuna hata moja inayoingiliana na mwenzake. Jina la nusu inchi lisikudanganye, toa kalipa upime nje ya bomba, halafu soma kilichoandikwa kwenye fitingi.

Lakini swali kubwa zaidi kwangu ni lile la miezi minne. Kwa nini ilikaa miezi minne? Kwa sababu simtanki lile liko kwenye mnara wa mita nne hivi juu ya koki. Mita 10 za maji ni baa 1 ya presha. Kwa hiyo mita nne ni baa 0.4. Baa 0.4 ndugu zangu! Pampu imekuja na baa 3, mara saba na zaidi. Fitingi hizi zikifungwa sawa hazijali, Speedfit inaruhusiwa baa 12 kwa maji ya baridi na baa 6 kwa maji ya moto ya nyuzijoto 65, SharkBite karibu baa 14. Pampu ile ya baa 3 haizidi nusu ya hapo. Ila zikifungwa vibaya simtanki halitakwambia.

Na sisi tunapimaje kazi zetu? Tuseme ukweli. Tunafungua simtanki, tunazunguka na tochi, pakavu, tunasema funika piga plasta. Hapo hujapima kitu. Simtanki la mita nne halijapima kitu. Speedfit wanaelekeza upime mara mbili, baa 2 dakika 10, halafu baa 10 dakika 10. Watu huuliza ile ya baa 2 ya nini. Kuna fitingi ambayo haijakaa vizuri inavuja kwenye presha ndogo, ukiipandishia ghafla oringi inabanwa inaziba, unaikosa. Kwa hiyo ndogo kwanza, kubwa baadaye. Pampu ya kupimia ya mkono nimekuja nayo ile pale, mafundi watano mkichanga mnapata moja ya kuzungushana. Na usisahau maji yetu ya mgao, yakirudi usiku hewa inatangulia, unasikia bomba linagonga ukutani gu gu gu, ule ni mshtuko wa presha na unazipiga fitingi zote za nyumba kwa mara moja. Nyumba ya maji ya mgao inataka kipimo zaidi kuliko nyumba ya Reading.

Kuna mzee wangu pale amesema wakati wa chai kwamba plastiki ilishawashinda Wamarekani. Ni kweli shikamoo mzee, na nimefurahi umelikumbuka. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 walifunga bomba za kijivu za polibutilini kwenye nyumba nyingi sana, klorini ya maji ikazila taratibu, hasa zile fitingi za plastiki ya asetali zilizokuwa zinabanwa kwa pete, na mwaka 1995 kesi yao iliisha kwa makubaliano ya dola milioni 950. Lakini zile zilikuwa fitingi za kubanwa, hazikuwa hizi. Na polibutilini Uingereza inauzwa mpaka leo na inatumika na hizi za kuchomeka. Ninachojifunza mimi hapo ni kwamba kitu kisicho na jina, hakina alama ya kiwango wala saizi iliyochongwa juu yake, usikizike kwenye ukuta wa mtu hata kama muuzaji anaapa.

Na msije mkadhani nawatisha. Kuna siku fitingi hizi ndio ziliniokoa. Bibi mmoja, ghorofa ya tatu, bomba la shaba limepasuka nyuma ya choo, valvu kuu ni ya zamani haifungi mpaka mwisho, maji yanachirizika tu. Bomba lenye maji huwezi kulilehemu, moto wote unaishia kuchemsha maji. PPR nayo ikiwa na maji haichomeki, namaanisha haichomelewi, mnanielewa. Nilikata pale palipopasuka, nikalainisha mdomo, nikachomeka kizibo kwenye bomba linalotiririka maji, tak, pakauka. Bibi akapata maji ya jikoni usiku ule ule. Pia bomba lenyewe linakuja kwenye roli refu, unalipitisha kutoka mwanzo wa nyumba hadi bafuni bila kiungo hata kimoja katikati, na kiungo ambacho hakipo hakivuji.

Na msiseme hizi ni za Ulaya, mnazo majumbani. Mashine za kuchuja maji ya kunywa zilizojaa Arusha na Meru kwa ajili ya madini ya floraidi, zile bomba nyembamba nyeupe za robo inchi chini ya sinki, nyingi ni za kuchomeka. Nimeitwa kwa dada mmoja Usa River kabati lake limeoza, ameshabadilisha mashine mara mbili. Nikachomoa bomba, mdomo umekatwa mshazari kwa kisu cha jikoni. Nikakata sentimita mbili kwa wembe mpya, mraba, nikachomeka nikarudisha kile kibanio cha bluu. Kazi ya dakika moja, na mashine ya zamani ilikuwa nzima.

Ambapo mimi sitazifunga ni hapa. Juani, yani kwenye mnara wa simtanki na juu ya paa, plastiki hizi jua linazipasua, kule tuendelee na bomba zinazovumilia. Na ndani ya ukuta au chini ya vigae mahali ambapo mkono hauwezi kufika tena, hapo nachomea PPR au napitisha bomba zima bila kiungo. Kiungo cha kuchomeka kikae nyuma ya kimlango, chini ya sinki, ndani ya kabati, juu ya silingi yenye kifuniko. Wapo watakaosema kampuni zinaruhusu kuzifukia zikiwa ndani ya bomba la kinga. Sawa zinaruhusu. Mimi nimeona silingi ile.

Basi maneno yametosha. Mezani pale kuna bomba, mkasi, mifupa, kalamu na fitingi 20. Kila mmoja akate, alainishe, aweke mfupa, apige alama, asukume, avute. Halafu tunaunganisha zote mstari mmoja kwenye pampu ya mkono, baa 2 dakika 10, tupande baa 10 tukae nazo dakika 10 hapa hapa tukiziangalia, na itakayovuja tunaikata katikati kwa msumeno tuone ndani kulikuwa na nini. Nani anaanza? Dada wa kule nyuma umesogea, njoo uanze wewe.